Bangili Ambayo Sikuiagiza

Wazo la bangili lilinijia kwa wivu, na sioni haja ya kulipamba. Rafiki yangu aliyeolewa Lubumbashi alinitumia picha kwenye simu: mikono ya wasichana waliomsindikiza kanisani, imepangwa juu ya kitambaa cheupe, kila mkono na bangili yake, kila bangili na jina la mwenye mkono. Mimi nilikuwa nafunga ndoa Kamina, katika parokia ile ile niliyobatizwa, na shangazi zangu walikwisha kuniambia kwamba zawadi ya fille d'honneur, msichana anayemsindikiza bibi arusi, ni gauni aliloshonewa na sahani ya kuku. Niliwajibu kuwa wangu wataondoka na majina yao mkononi. Nikishasema jambo mbele ya shangazi zangu silirudishi, hata likinishinda.

Fundi nilimpata kwenye barabara iendayo stesheni, chini ya turubai la bluu. Hakuwa sonara wa kufua dhahabu. Kamina nani angemletea dhahabu? Alinunua bangili zilizo tayari kutoka Lubumbashi, za rangi ya dhahabu na za rangi ya fedha, na kazi yake ilikuwa kuchonga majina. Alichonga kwenye pete za ndoa, kwenye saa za wastaafu wa reli, na zaidi ya vyote kwenye sufuria, maana mwanamke wa Kamina akipeleka sufuria kwenye kilio au kwenye arusi bila jina, basi ameagana nayo. Alikuwa mtu mzima, mzaliwa wa upande wa Kabongo, mwenye miwani iliyofungwa waya na mdomo usiopenda kazi. Nilimpenda kwa sababu hakuwa na maswali.

Nilikaa kwenye kigoda chake karibu asubuhi nzima nikichagua. Kuchagua zawadi yenye jina si sawa na kuchagua kitenge. Kitenge kisipompendeza mtu atampa dada yake. Kitu kilichochongwa jina kinakaa na mwenyewe, au hakikai na mtu. Binamu yangu mkubwa ana mikono minene ya mtu aliyetwanga sombe, majani ya muhogo, tangu utotoni. Huyo nilimchagulia bangili inayofunguka, tusije tukaivua kwa sabuni na machozi. Wa pili ni muuguzi, na kazini hawataki vitu vinavyoning'inia, kwa hiyo nikamchukulia ya mduara, nyembamba, isiyo na mnyororo. Wa tatu, rafiki yangu wa shule, hupoteza kila kitu, ameshapoteza simu na wachumba, nikamwomba fundi ampe ile yenye kifungo kigumu. Wa nne alikuwa binti wa mwanajeshi, jirani wa mchumba wangu kule base, kwenye kambi ya jeshi, aliyejua kuvaa kuliko sisi wote. Ya huyo ilinihangaisha sana, maana kumpa mjuzi kitu cha hovyo ni kujitangaza. Wa tano ni binamu mdogo ambaye ningeweza kuapa kwamba ataiuza kabla keki haijakatwa. Kwa huyo nilisema jina lichongwe kubwa, na lizame.

Kisha nikasema kwamba ya mwisho ni yangu, nikamtajia fundi jina langu la nyumbani. Aliinua uso akanitazama. Halafu akatazama nyuma ya bega langu, taratibu, kama mtu anayetafuta mwenzangu aliyechelewa kuingia. Hapakuwa na mtu nyuma yangu, ila barabara na mama mmoja anayeuza ndizi. Fundi akainama tena kwenye kazi yake.

Nilikuwa nimezoea kutazamwa hivyo. Kwetu Waluba, majina ya mapacha hayachaguliwi na baba wala mama. Yalikuwapo kabla yao: anayetoka kwanza ana lake, anayefuata ana lake, na ukisikia moja umekwisha kulisikia la pili. Mimi nilitoka wa pili. Shuleni na kule base, kwa watu waliotoka pande zote za Kongo, nilijulikana kwa jina la ubatizo na hakuna aliyejali. Lakini wazee wa kwetu wakilisikia lile la nyumbani, macho yao huruka bega langu. Sokoni, kanisani, kwenye foleni ya maji. Nimekua nikitazamwa nyuma.

Dada yangu alikwenda tukiwa na miaka sita. Tulilala wote wawili na homa, kwenye mkeka mmoja, msimu wa mvua, na mimi nikaamka. Nasema alikwenda, kwa sababu nyumbani kwetu neno lile lingine halitamkwi juu ya pacha. Tena machozi hayamwagwi. Pacha hafanyiwi kilio, kwani ukimlilia aliyekwenda, unamwonyesha njia aliyebaki. Badala ya kilio huimbwa nyimbo za mapacha, na nyimbo hizo ni za matusi. Nakumbuka mama yangu, mwanamke wa rozari, amesimama kwenye udongo mwekundu uliolowa, anaimba matusi ya chini ya nguo huku anapiga makofi, na wanawake wote wakimwitikia. Jirani zetu wa base walisimama mbali wameziba midomo. Mimi nilibebwa mgongoni na shangazi, nikawa nacheka, kwa kuwa maneno yale nyumbani yangeniletea kofi.

Mama hakulia siku ile wala baada yake. Nilimwona akilia kwa ajili ya baba yangu, akalia kwa ajili ya mjomba, akalia hata kwa ajili ya mbuzi wa jirani aliyegongwa na treni. Kwa ajili ya dada yangu, kamwe. Alichofanya ni kuendelea kununua viwili viwili. Gauni langu la Krismasi lilikuja na mwenzake. Viatu vyangu vya komunyo ya kwanza vilikuja na wenzake. Changu nilivaa, na cha pili kiliingia kwenye sanduku la chuma lililokaa chini ya dirisha la chumba chake. Padre mmoja alimwambia avitoe vitu hivyo kwa maskini. Mama akakubali kwa heshima, akaenda akawapa maskini nguo zake mwenyewe.

Kila kiangazi alifungua sanduku akaanika. Kamba ilianza na gauni la mtoto wa miaka saba, likafuata la miaka minane, na kuendelea hadi sare ya sekondari, kisha blauzi za msichana mzima. Mimi nilikua mle ndani ya nyumba, na yeye alikua pale kwenye kamba. Upepo ukivuma nilikaa jikoni. Niliogopa, na uoga wangu ulikuwa na hasira ndani yake, kwa sababu yule dada hakuwahi kuchana nguo, hakuwahi kuanguka mtihani, hakuwahi kumjibu mama vibaya. Utashindanaje na mtu kama huyo? Hata kitandani niliacha nafasi yake. Nilipokwenda kusoma Lubumbashi, wenzangu wa bweni walinicheka: kitanda ni cha mtu mmoja, na mimi nimelala ukingoni kama mgeni.

Sasa mnaelewa kwa nini nilitaka jina langu kwenye bangili. Nilitaka kuliona, walau mara moja maishani, limeandikwa peke yake juu ya kitu kimoja chenye mwenyewe mmoja. Na kulikuwa na jambo jingine lililonikaa rohoni majuma yale. Mama alikuwa ametangaza mbele ya shangazi wote kwamba siku ya arusi sanduku litaondoka pamoja nami kwenda kwenye nyumba yangu. Fungu la pacha hufuata pacha, alisema. Likibaki nyuma, mwenyewe atakuja kulidai. Shangazi wote waliitikia kwa vichwa. Mimi nilisema litabaki pale lilipo, nikatoka nje. Sikuwa tayari kuingia kwa mume wangu na mtu wa tatu.

Nilirudi kwa fundi siku tuliyokubaliana. Alizitandaza bangili juu ya kitambaa cha kijani, akazifuta moja moja, na kweli zilipendeza kupita nilivyotarajia. Herufi zilikuwa safi, zina mkia mdogo mwishoni. Niliona ya binamu mkubwa, ya muuguzi, ya mpoteza simu, zote. Yangu ilikuwa mwisho. Na kando ya yangu, imegusana nayo, ilikuwapo nyingine inayofanana nayo kabisa, imechongwa jina la wa kwanza.

Nilimwambia sikuiagiza hiyo. Hakushtuka hata kidogo.

“Ile iko ya dada yako,” alisema. “Bamapasa banapewa mara mbili, weye mwenyewe unajua. Minyi siwezi kuandika jina moya, kisha nilale muzuri. Hautailipa. Ule mukubwa iko fasi gani?”

Mimi ni mtu wa kelele. Nilikuwa na maneno tayari, makali, ya kumfaa mtu anayejipa kazi asiyotumwa. Lakini ili nimjibu vizuri ingebidi nitaje lile neno lisilotajwa, na mdomo wangu, uliosoma hadi chuo kikuu, ulikataa. Nilisema tu kwamba hayuko Kamina.

“Ah. Akikuya ataikuta,” alisema fundi, akazifunga zote kwenye karatasi.

Nilitembea hadi nyumbani na mfuko ule mkononi, na kila hatua nilisikia chuma kikigongana na chuma. Akija ataikuta. Mtu wa watu hakuwa na ubaya wowote. Alidhani dada yangu ameolewa Kolwezi au anauza samaki Bukama. Lakini maneno yake yaliingia nyumbani nami, yakakaa mezani nilipokula, na usingizini niliyasikia kwa sauti ya mtoto. Bangili yangu niliivaa nikaivua. Ile ya pili niliiviringisha kwenye soksi na kuisukuma nyuma ya kabati, mahali ambapo mama hafiki. Nilijua akiiona itaingia sandukuni, na sanduku litakuwa limepata sababu mpya ya kunifuata.

Mchumba wangu ni fundi umeme, mtoto wa mwanajeshi. Kwao ni Équateur, alizaliwa base, na Kiswahili chake hukimbilia Kilingala kila kinapochoka. Si mtu wa kuona vivuli. Nilipompelekea habari alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia jambo la akili kabisa. Mdogo wake wa kike alikuwa amefika kutoka Kisangani na alitaka kuwa miongoni mwa wasichana wangu. Hakuwa na bangili, na mimi nilikuwa na moja ya ziada. Jina lifutwe, lichongwe la mdogo wake. Kila mtu apate chake, na habari iishe.

Nilifurahi mno. Nilishangaa kwamba sikuwaza hivyo mwenyewe. Kesho yake asubuhi nilikuwa chini ya turubai la bluu nimeiweka bangili mezani, na nilimweleza fundi kinachotakiwa kwa sauti nyepesi, kama mtu anayebadilisha kifungo cha shati.

Fundi aliishika, akaigeuza, akairudisha upande wangu wa meza kwa kidole kimoja.

“Jina ya mapasa, mwenye anaifuta ni mama yao,” alisema. “Mama yenu iko?”

Nilisema yuko. Akauliza ni nani, na kabla sijajizuia nilikuwa nimemtajia, na uso wake ukafunguka. Walikuwa wanasali misa moja. Alikuwa amemchongea sufuria zake zote. Akanishauri nisijali, yeye mwenyewe atamuuliza. Hapo nilimwambia maneno ambayo sitayaandika, nikachukua bangili nikaondoka. Sidhani kama aliyasikia. Alikuwa amekwisha kuvaa miwani yake na kuinamia sufuria ya mtu.

Jumapili, baada ya misa, tulitoka mlango wa pembeni kama kawaida yetu. Fundi alikuwa amesimama kwenye kivuli cha ukuta na koti lake la Jumapili. Nilimvuta mama mkono ili tupite upande wa pili, lakini mama yangu havutwi. Alisimama akamsalimia. Niliwaona wakizungumza. Sikuyasikia maneno, niliona tu mkono wa mama ukipanda taratibu na kukaa juu ya kifua chake. Kisha aliaga, akaanza kutembea kwenda nyumbani, akinitangulia, bila kugeuka. Mama yangu ni mfupi na ana goti bovu, lakini siku ile sikuweza kumfikia.

Nilipoingia alikuwa amekaa mezani, kitambaa cha kanisani bado kiko kichwani.

“Leta,” alisema.

Niliileta. Alitoa kidole akapita juu ya herufi, moja moja, huku midomo inacheza. Mama husoma polepole, na kwa Kiswahili cha misale ya kanisani tu. Alifika mwisho wa jina akarudi mwanzo. Ndipo nikaelewa kwamba hakuwahi kuliona limeandikwa. Dada yangu alikwenda kabla ya kuanza shule. Hakuwa na daftari, hakuwa na cheti cha chochote, na kaburini hapana msalaba wenye jina. Kwa miaka yote ile lilikuwa sauti tu, tena sauti iliyonyamazishwa. Sasa liko chini ya kidole chake, linang'aa. Aliifuta bangili kwa ncha ya kitenge, akainuka, akaenda chumbani kwake.

Nilijua anakwenda wapi. Nilimpita mlangoni nikaketi juu ya sanduku.

Najua ilivyokuwa: mwanamke mzima, mwenye shahada, bibi arusi wa juma lile, amekalia sanduku kama mtoto anayenyimwa maandazi. Lakini nilikuwa nimechoka. Nilimwambia yote. Nilimwambia kuhusu kamba ya nguo na kitanda na wazee wanaonitazama nyuma. Nilimwambia kwamba kila nilichopewa nilipewa nusu, kwamba hata siku za kuzaliwa nilipuliza mshumaa mmoja kati ya miwili. Nilimwambia nataka kuingia nyumbani kwangu mtu mmoja, kama watu wengine wanavyoingia. Na kwa kuwa hakujibu, nililisema lile neno. Nilisema amekufa. Nilisema wafu hawakui, mama, hawavai sare ya sekondari, amekufa akiwa na miaka sita.

Nilihisi baridi ya chuma ikipita kwenye gauni langu la Jumapili, na nitasema ukweli: niliogopa kwamba kitu kitagonga kutoka ndani. Nilingoja kofi. Mama aliketi kwenye kitanda mbele yangu, magoti yetu yakakaribia kugusana.

“Unazania ile manguo ni ya yee?” alisema.

Nikatazama mfuniko niliokalia.

“Homa ilikuwa ya benyi bote babili. Usiku ya kisha, yee alikwenda, na weye ukaanza kumuita. Haukuniita minyi. Ulikuwa unamuita yee, na unaamuka unataka kumufwata. Nilikukamata na mikono. Kisha nikamuambia yee mwenye alikwenda: mama, kila kintu nitamupa huyu, na weye nitakupa. Usikuye kutafuta yako kwake.” Alinyosha mkono akagusa sanduku, karibu na paja langu. “Nikapewa weye. Njo ile.”

Nilikuwa nimelichukia sanduku lile tangu nilipojua kuchukia. Nililiona ni nyumba ya mtoto aliyependwa kuliko mimi. Kumbe mama yangu alikuwa anauza samaki wa Bukama juani, ananunua gauni la pili kwa pesa ambayo ingenunua mchele, anamkabidhi asiyeonekana ili anayeonekana aachwe. Kila gauni pale ndani lilikuwa mwaka mmoja wangu. Na miaka yote hiyo alikuwa ameshikilia machozi yake kwa meno, kwa sababu hayo nayo yangeniua.

Nilishuka chini nikapiga magoti mbele yake. Nilimshika mikono yote miwili, bangili ikiwa katikati.

“Mama, lia,” nilisema. “Lia leo. Mwenye wanasema atakufa ni minyi, na minyi njo nakuambia: lia. Sitakufa.”

Aliniangalia. Kidevu kilianza kutetemeka, na macho yalijaa hadi ukingoni, na nilifikiri sasa, sasa itatoka, miaka yote hiyo itatoka na sisi wawili tutakaa humu tulie hadi jioni. Niliitaka. Nilikuwa sijawahi kutaka kitu kwa ajili yake kama nilivyotaka hicho. Alivuta pumzi ndefu puani, akarudisha kichwa nyuma kidogo, na akangoja maji yarudi yalikotoka. Yalirudi. Niliyaona yakirudi.

“Nimebaki na mutoto moya tu,” alisema. “Na moya, mutu hajaribishe.”

Nikaondoka kwenye sanduku. Alilifungua. Harufu ya sabuni na ya majani makavu anayoweka dhidi ya nondo ilijaa chumbani. Hakutupa bangili ndani. Alitafuta mkono wa blauzi ya juu kabisa, mwenzake wa ile niliyonunuliwa nilipomaliza chuo, akaivalisha kwenye mkono ule mtupu, akaukunja juu ya kifua cha nguo. Mimi nilimshikia mfuniko usimwangukie.

Arusi ilikwenda vizuri. Shangazi zangu walizigeuza geuza bangili za wasichana na kukiri kwamba si mbaya. Binamu mdogo hakuuza yake, au basi hajaiuza bado. Mdogo wa mume wangu nilimpa mkufu usio na jina nikamwomba radhi, naye akaukubali kwa tabasamu la watu wa mbali. Bangili yangu niliivaa kanisani, na wazee wa kwetu walipokuja kunishika mkono na kulisoma jina, macho yao yaliruka bega langu kama siku zote. Safari hii sikukunja uso.

Jioni, gari la kutupeleka base lilipokuwa mlangoni, mume wangu na kaka zake walikuja kupakia vitu vyangu. Walitoa godoro, walitoa sufuria zenye majina, wakafika chumbani kwa mama. Ilibidi wawe wanne. Mama alisimama kando ya ukuta na mikono nyuma. Mume wangu alitua upande wake wa mzigo kizingitini ili apumue, akafuta jasho, akaniuliza kwani sanduku hili zito hivi ni la nani.

Nikamwambia ni langu.